Wodi Isiyosema "Nakuja"

Ilikuwa Jumatatu, tarehe tisa Machi, saa nane na robo mchana, muuguzi mgeni alipoitikia wito bila kutazama anaitwa na nani.

Alikuwa amechuchumaa akifuta dawa iliyomwagika. Wazee wa wodi ile walikuwa wamelala baada ya chakula. Sauti ikatoka nyuma ya pazia la kona.

"Sista."

"Nakuja," akasema, kama sote tusemavyo, hata tunapoelekea kwingine. Akamaliza kufuta, akakamua kitambaa, ndipo akakumbuka kuwa kitanda cha kona hakina mtu. Mwenyewe alikuwa amefariki alfajiri na godoro lilikwisha kunjwa. Alivuta pazia. Hapakuwa na kitu ila harufu ya kafuri, ile wanayopakwa maiti, na vyuma vya kitanda vilivyotota jasho la baridi.

Hakushtuka. Tangu amzike mama yake mwezi uliopita, hakuna kilichomshtua. Hata kazi hii, ya kwanza maishani mwake, aliipokea hivyo hivyo. Alisomea kuzalisha, wakampa wazee wasiopona, tena peke yake zamu nzima, naye akasema sawa.

Alipomsimulia mkuu wa wauguzi, mama mnene aliyeitwa Mama Funguo kwa rundo lililoning'inia kiunoni, yule mama alifunga kwanza mlango wa chumba cha dawa.

"Ulimjibuje?" akanong'ona.

"Nilisema nakuja."

"Yarabi!" Akaketi juu ya boksi la glovu. "Mwanangu, humu hatulisemi neno hilo. Sisi husema 'nimekusikia', basi. Ukimwambia yule anayeita bila kuonekana kwamba unakuja, umemwahidi. Atakungoja, na huku akingoja atakuwa anakuchukua kidogo kidogo."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuja na msiba usoni. Tukasema tumwache apumue kwanza." Akashusha pumzi. "Na tukimwambia kila mgeni, nani atabaki?"

Kesho yake alikuwa akinawa mikono, mgonjwa mmoja akapiga kelele, "We sista, unajichemsha?" Mvuke ulikuwa unafuka na ngozi imekuwa nyekundu, naye hasikii kitu. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Alipokamata mkono wa mgonjwa kutafuta mapigo, hakupata chochote. Akatazama kifua kikipanda na kushuka, akakisia.

Aliona wazi kwamba inampasa kuondoka. Muuguzi asiyesikia mapigo ya moyo ataua mtu. Aliyemzuia ni bibi mmoja wa kitanda cha mlangoni, aliyepooza miguu lakini si mdomo.

"Mimi sikuiti sista," bibi alimwambia. "Sista ni wa hospitali. Wewe mjukuu wangu, ingawa kutandika kitanda hujui. Sasa ukienda, nani atanigeuza? Huyo Mama Funguo ananigeuza kama gunia!"

Wote wawili walicheka, ila kicheko cha muuguzi kilitoka mdomoni tu. Kila siku alifika na neno la kuaga, na kila siku bibi alimshika aproni.

Ijumaa asubuhi alimkuta bibi ameuelekea ukuta, blanketi limefika masikioni.

"Umeamkaje, bibi?"

"Salama. Usinigeuze leo."

Akamshika mkono chini ya blanketi, akahesabu mapigo asiyoyasikia, akapita. Chai bibi aliikataa.

Adhuhuri alivua aproni na kuchukua mkoba wake. Alikuwa amekwisha mwambia Mama Funguo kwamba anaacha kazi. Akasimama kando ya kitanda cha mlangoni.

"Bibi, naenda. Nisamehe."

"Usiondoke, sista," sauti ikasema chini ya blanketi. "Niambie tu unakuja."

Neno lilikuwa limekwisha fika ulimini, lile neno jepesi la kila siku, aliposikia kwamba ameitwa sista, na kwamba blanketi halipandi wala halishuki, na kwamba ile harufu ya kafuri haitoki tena kule kona bali hapa, chini ya pua yake, na kwa kuwa vidole vyake haviwezi kumwambia lolote aliinama akaweka shavu lake juu ya paji la uso wa bibi kama mama yake alivyokuwa akimpima homa utotoni, na paji lile lilikuwa baridi, na taya limekakamaa, na midomo imefumba kabisa, na sauti ikaita tena kutoka mle mle, taratibu, bila midomo kutikisika, "Sista."

Akauma ulimi mpaka damu. Hakujibu.

Alimfumba bibi macho, akamwita Mama Funguo.

"Bibi ametutoka," akasema. "Tangu alfajiri. Nilimshika mkono asubuhi, sikujua."

Mama Funguo alitazama mikono ya binti yule, hakumlaumu. "Nenda, mwanangu. Usiage mtu. Utarudi?"

"Sirudi."

Akatoka. Nje ya geti, machozi yalimshuka, ya bibi na ya mama yake pamoja, akayafuta kwa vidole visivyosikia kama yana joto au baridi. Vidole vile havijapona mpaka leo.

Ewe Mola, mrehemu bibi yule, aliyekuwa amekwisha kufa mkono wake uliposhikwa na asiyejua. Mpanulie kaburi lake, mpe usingizi wa amani. Na atakayemwita huko awe malaika wako wa rehema, wala asiwe mwingine. Amina.