Chemchemi Chini ya Tuta

"Letay! We Letay! Umeshachota?"

"Naenda, mama."

Mama Medhin, mama mkwe wake, aliumwa magoti. Kila asubuhi alitaka maji ya chemchemi mpya, na Letay alimchotea, mtoto mgongoni.

Chemchemi haikuwa mbali. Juu kidogo ya nyumba yao kijiji kilikuwa kimejenga bwawa. Kwa viangazi viwili watu walibeba mawe na kushindilia udongo mpaka tuta likasimama. Mvua za mwaka huu zililijaza bwawa. Kahsay, mume wa Letay, alikuwa ameshaandaa shamba la vitunguu. Kisha, wiki tatu zilizopita, maji yakachomoza chini ya tuta, upande wa nje. Yalikuwa safi na baridi. Bibi mmoja alinawa macho, akasema anaona vizuri. Basi! Kesho yake palikuwa na foleni. Watu wakasimika msalaba, wakapanua shimo kwa majembe.

"Ni maji ya baraka," alisema Mama Medhin, akijipaka magotini.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne Letay alichota, akarudi, akamimina maji chunguni. Ndani ya ndoo palibaki udongo mwekundu, laini kama unga. Jana haukuwapo.

"Mama, maji yana udongo."

"Wewe nawe kwa uoga! Juzi ulimkimbia kondoo."

"Alikuwa dume, mama, na alikuwa anakuja."

Kahsay alicheka. "Tutaziba kwa udongo wa mfinyanzi, yaishe," akasema, akaenda kuwaita wenzake.

Letay hakucheka. Alitazama tuta. Lilikuwa juu kuliko paa la nyumba yake, na nyuma yake maji ya bonde zima. Akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akakimbia hadi kwa Tirhas, fundi wa bwawa, aliyekaa karibu na shule.

Tirhas alifika akihema. Wanaume walikuwa tayari wanashindilia udongo shimoni. Akakinga maji kwa kiganja, akayatazama. Uso wake ukabadilika.

"Toeni huo udongo! Haraka!"

"Lakini tunaziba," alisema Kahsay.

"Mkiziba hapa, maji yatatafuta njia nyingine ndani ya tuta, msikoiona. Sikilizeni. Tuta la udongo huvuja kidogo, hilo si ajabu. Maji yakiwa safi, tunayachunga. Yakitoka na udongo, tuta linaliwa ndani. Udongo huu ni wa tuta lenyewe! Na nani amechimba hapa?"

Wanaume walificha majembe nyuma ya migongo.

"Walio chini ya bwawa wapande kilimani sasa hivi. Kisha fungueni lango la bwawa tupunguze maji."

"Tufungue?" Kahsay alipiga kelele. "Maji ya vitunguu? Viangazi viwili nimebeba mawe!"

Letay hakuwahi kumpandishia mumewe sauti mbele za watu. Siku hiyo alimpandishia.

"Kahsay! Vitunguu utapanda tena. Mtoto huyu utampanda wapi?"

Kahsay alimtazama mtoto. Akapanda juu ya tuta, akazungusha gurudumu la lango. Maji yakanguruma mferejini.

Mama Medhin alikuwa amekaa kando ya chemchemi, hataki kuondoka. Kasisi Hadush, aliyekuja kumwondoa, alichovya kidole, akamwonyesha matope.

"Medhin, baraka haibomoi nyumba za watu. Inuka, dada yangu."

Mama Medhin aliinuka. Letay alimshika mkono, wakapanda kilima polepole, wakigeuka nyuma kila hatua.

Huku chini Tirhas aliwaelekeza watu. Kwanza walimwaga mchanga safi wa chembe kubwa juu ya shimo. Juu yake wakaweka kokoto, kisha mawe.

"Ni chujio," alisema. "Maji yapite, udongo ubaki."

Walifanya kazi mpaka alasiri. Kilimani Letay alikuwa anaomba, anahesabu mapaa. Alikuwa na hakika kwamba tuta litakatika. Hatimaye Kahsay alipunga mkono. Maji yaliyopita kwenye mawe yalikuwa kidogo, na yalikuwa safi. Letay akaketi chini, akalia kwa sauti.

Walipoteza karibu nusu ya maji. Mwaka huo walipanda vitunguu nusu shamba, wakavuna vya kula na vya kuuza. Mafundi walikuja, wakaimarisha sehemu ya tuta iliyoliwa. Kijiji kikakubaliana: hakuna kuchimba karibu na tuta, hakuna mti wala mifugo juu yake, na kila siku mtu akague maji yanayovuja.

"Nani atakagua?" aliuliza Tirhas mkutanoni. Vijana kadhaa walijitokeza, vifua mbele.

"Kaeni," alisema Mama Medhin. "Nyinyi hamwogopi kitu, mtasinzia. Mpeni mkwe wangu."

Mvua zilizofuata zilikuwa kubwa, na bwawa likajaa tena. Mawingu yalipoondoka, majirani walikuja na majembe kusubiri zamu zao za kumwagilia. Letay alichutama mbele ya mawe, akakinga maji kiganjani. Yalikuwa safi. Akakinga tena. Kisha akapanda juu ya tuta, akiogopa kila hatua, akawafungulia maji ya mashamba.