Aliyechongwa Kwenye Santuri

Fundi aliinua sindano kutoka kwenye santuri, lakini wimbo ulimalizia neno moja zaidi. Akadhani ni masikio yake. Alimgeukia bintiye, aliyeuimba wimbo huo ukirekodiwa muda mfupi uliopita, amsifu. Binti akafumbua kinywa amjibu baba yake. Haikutoka sauti.

Madaktari walisema koo ni zima. Wiki zikapita, binti anaangalia watu tu. Mama yake aliacha kula, akawa anashinda mlangoni mwa karakana na neno lilelile.

"Umeichukua sauti yake kwa mashine zako, baba. Irudishe kwa mashine zako."

Angeirudishaje? Sauti hutikisa hewa, hewa hutikisa sindano, na sindano huchonga mfereji mwembamba wenye vikona visivyohesabika. Ukipitisha sindano nyingine humo, nayo hutikisika vilevile, sauti ikazaliwa upya. Mfereji hunakili tu, hauibi. Alimweleza mkewe hivyo mpaka akachoka, maana hata yeye mwenyewe alikuwa haamini tena. Karakana ilikuwa imeanza kunuka nywele zilizoungua, na kila alipoicheza santuri ile, chini ya wimbo palikuwa na mtu anayehema.

Maji yalipomfika shingoni alimwita shangazi yake, mganga asiye na maneno mengi. Alisikiliza mara moja tu, akajiziba pua kwa kitambaa.

"Jini alikuwemo humu mlipokuwa mnarekodi," alinong'ona. "Sindano haichagui wa kumchonga. Iyeyushe, mwanangu. Akikosa pa kukaa ataondoka, na mtoto atasema."

"Na isipokuwa hivyo, shangazi?"

"Una njia nyingine?"

Hakuwa nayo. Akabandika kikaango kikavu jikoni, akailaza santuri juu yake. Kingo zilianza kujikunja. Binti akakohoa, akashika shingo, akasema, "Mama."

Mama alimrukia akaanguka naye chini, analia na kucheka kwa pamoja. Hata shangazi alifuta machozi. Fundi naye, kwa furaha, akachukua kisu ili aibonyeze sehemu ya katikati iliyokuwa bado ngumu, na ncha ya kisu ikateleza ikaingia kwenye mfereji, ikaufuata, na chuma chenyewe kikaanza kutoa sauti nyembamba, iliyokuwa ikimfika zaidi vidoleni kuliko masikioni.

"Baba, ni mimi. Mimi ndiye niliye huku. Nitoe, kunaungua."

Alipoinua macho, binti alikuwa akimtazama juu ya bega la mama yake.

"Mwache aishe humo, baba," alisema taratibu, kwa sauti nzuri, safi, isiyo na kasoro hata kidogo.

Fundi aliivuta santuri motoni kwa mikono mitupu, ngozi ikabaki kwenye kikaango, akapiga magoti sakafuni akaanza kupitisha ukucha, akizunguka na kuzunguka, akitafuta kikona kimoja tu ambacho moto haujakilainisha, huku nyuma yake mkewe, kwa furaha ambayo nyumba ile ilikuwa imeisahau, akimbembeleza binti aseme tena, aseme chochote, aseme tu.