Kadi ya Pili

Asubuhi ile fundi wa mitandao alikuwa na uhakika wa jambo moja: kompyuta ya kumbukumbu za hospitali ilikuwa na kadi moja tu ya mtandao. Aliipachika kwa mkono wake mwenyewe, baada ya ile ya zamani kuungua. Akaipa anwani yake ya IP, namba ya kuitambulisha mtandaoni, kisha akaandika amri ya kuorodhesha kadi zote. Mfumo wa Linux ulioiendesha kompyuta hiyo ukamwonyesha mbili.

Ya pili haikuwa na jina. Ilikuwa hewani, tena na anwani ambayo yeye hakuipa.

"Umeiletea mke mwenza," mtunza kumbukumbu aliyeketi mezani kwake alimtania.

Fundi hakucheka. Aliizima, ikajiwasha. Akaifuta anwani, ikarudi. Chumba kikaanza kunuka manyoya yaliyoungua. Akachomoa waya wa mtandao ukutani, akatuma ujumbe wa majaribio kwenye anwani ile, na majibu yakaja hata hivyo, moja kila sekunde, na kila jibu lilipotokea kwenye kioo kitu kiligonga ukuta kwa nje, taratibu, kama mtu anayebisha hodi huku akijua wenyewe wamo, mpaka mtunza kumbukumbu akainuka na kurudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Dada," alinong'ona, "nyuma ya ukuta huo hakuna chumba. Tuko ghorofa ya nne."

Fundi alimpigia simu mama yake mkubwa, mtoa majini.

"Weka sauti juu, uisogeze simu kwenye mashine," mama mkubwa alisema. "Halafu ufunge mdomo. Akikuita, mwanangu, usiitike. Hata akikuita kwa sauti ya nani."

Akaanza kusoma dua. Ugongaji ukaongezeka, taa zikafifia, harufu ikamkaba fundi kooni, na katikati ya vurugu ile akasikia jina lake likiitwa sikioni, kwa upole, kwa sauti ya baba yake aliyemzika miaka sita iliyopita, sauti aliyoililia hata akakata tamaa ya kuisikia tena.

"Abee," ikamponyoka, kwa pumzi tu.

Kimya. Harufu ikayeyuka. Akaandika amri tena kwa vidole vya baridi: kadi moja.

"Ametoka," alisema mama mkubwa, akihema. "Hukumwitika, sivyo?"

Fundi aliisogeza simu mdomoni. "Sikumwitika, mama."

"Basi mwanangu," mama mkubwa aliuliza polepole, "mbona mmenijibu wawili?"