Sauti ya Mkia

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijachungulia juu ya mlima, Kasuku alikuwa na kazi moja aliyoipenda: kuamsha baiskeli. Ndivyo alivyoiita mwenyewe. Alizitoa moja moja kwenye banda la baba yake, akazipindua miguu juu, akazungusha magurudumu na kusikiliza. Breki ikikwaruza, alimwita baba. Tairi likilegea, alishika pampu. Baba yake alikuwa fundi, na aliwakodishia baiskeli wageni waliokuja kulitembelea bonde.

Wageni hawakukosekana. Katikati ya bonde ilipita njia ya reli ya zamani. Treni zilikuwa zimeacha kupita, vyuma vikang'olewa, na tuta likasawazishwa likawa njia ya baiskeli. Gari halikuruhusiwa humo, wala pikipiki. Ulipanda taratibu kando ya mto, ukavuka madaraja, ukapenya handaki lililotobolewa mlimani, mpaka stesheni kuukuu iliyokuwa juu kabisa. Kelele pekee ulizosikia ni za maji na minyororo.

Wenzake shuleni walimwita Kasuku kwa sababu hapakuwa na sauti asiyoweza kuiiga. Aliweza kukohoa kama baba yake, kukemea kama mwalimu, kulia kama mbuzi aliyefungiwa. Darasa lilivunjika mbavu kila alipofungua kinywa.

Asubuhi hiyo baiskeli nyekundu aliiacha mwisho, kama mtu anavyobakiza kipande cha nyama kwenye sahani. Baba alikuwa ameiunda mwenyewe kwa vyuma vya kuokoteza, fremu ya hapa, gurudumu la kule, akaipaka rangi mpaka ikang'aa. Hakusema ni ya nani. Kasuku hakuuliza. Mtoto wa fundi si yeye?

Alikuwa amekwisha kukikamata kiti akipandishe, mkono wa baba ukatua juu ya wake.

"Hiyo iache. Leo ataiendesha mwenzako."

"Nani?"

Baba alielekeza kidevu mlangoni. Pale alisimama binamu yake, mtoto wa mama mdogo, amekumbatia kofia yake kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Mama mdogo alifariki wakati wa mvua zilizopita, na tangu hapo binti yake alilala kitanda kimoja na Kasuku, upande wa ukutani.

"Yeye mfupi, nyingine hazifikii," baba alisema, huku akikishusha kiti. "Wewe una miguu ya korongo, utapanda yoyote."

"Asante, baba mkubwa," binamu alisema, kwa ile sauti yake nyembamba iliyotoka kama uzi kwenye tundu la sindano.

Kasuku alichukua baiskeli kuukuu ya kijani na kuisukuma nje bila kugeuka.

Siku hiyo ilikuwa ya msafara wa shule. Mwalimu wa michezo, mama mmoja mwembamba asiyejua kuchoka, aliwapanga wanafunzi kwenye mstari, akawakumbusha sheria ya bonde.

"Mimi naongoza. Wa mwisho ni nani?"

"Mkia!" wakajibu.

"Kila tukimaliza daraja au handaki nitasimama na kuita. Mkia akishatoka?"

"Umefika!"

"Na akikwama?"

"Bado!"

"Mkia aliyekwama hatembei, hahangaiki. Anakaa palepale na kusema 'bado', kwa sababu sisi hatuondoki bila kumsikia. Njia hii ina kona nyingi. Macho hayaoni, masikio ndiyo yanayotuunganisha. Haya, nani mkia leo?"

"Konokono!" alipaza sauti Mapengo, kijana aliyepoteza meno mawili ya mbele kwa kuanguka na baiskeli, na asiyeweza kupitisha saa bila kumtania mtu. Wote wakacheka. Konokono ndilo jina walilompa binamu tangu wiki yake ya kwanza.

"Konokono, leo umebeba na nyumba yako?" akauliza mmoja.

"Mwenda pole hajikwai," Mapengo akaongeza, "lakini hafiki pia!"

Binamu alitazama chini. Kisha akamtazama Kasuku, kwa matumaini kidogo, kama mtu anavyotazama mlango wa kwao. Kasuku alicheka kuliko wote.

Darajani mwalimu aliita, na uzi ule wa sauti ukajibu kutoka mbali: "Umefika!" Darajani pa pili vivyo hivyo, ila walingoja mpaka jasho likawakauka mgongoni. Ukungu ulianza kushuka mlimani na manyunyu yakawapiga usoni. Watoto walinung'unika.

"Tutafika tukiwa tumeshaoa na kuzaa," alisema Mapengo.

Wakaingia handakini. Mlikuwa na giza na baridi, maji yakidondoka kutoka juu na kutiririka kwenye mfereji wa pembeni. Walipotokea upande wa pili, mwalimu alisimama mbele kabisa, ambako kona ilimficha.

"Mkia!"

Kimya. Maji tu.

"Mkia!"

Kasuku alimkonyeza Mapengo. Akabana pua kidogo, akaifanya sauti yake kuwa nyembamba, yenye woga mwishoni.

"Umefika!"

Ilikuwa sauti ya binamu hasa, hata pumzi yake. Mapengo alijiziba mdomo kwa viganja. Mabega ya watoto yalitikisika kwa kicheko kilichofungiwa. Filimbi ya mwalimu ikalia, mstari ukaondoka. Kasuku alisikia, au alidhani amesikia, kitu chembamba nyuma kwenye giza. Alikanyaga pedali kwa nguvu zaidi.

Kwenye daraja lililofuata aliitikia tena. Mara hii hapakuwa na aliyecheka sana. Mapengo alinong'ona, "Basi, inatosha, mwite mwalimu." Kasuku akamjibu, "Unaogopa konokono?" Mapengo akanyamaza, na wote nao wakanyamaza.

Stesheni ndipo mwalimu alipogeuka na kuona mstari wake hauna mwisho.

Walimkuta handakini. Mnyororo ulikuwa umechomoka gizani, baiskeli ikayumba, naye akatumbukia mfereji wa maji. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Angeweza kujikokota mpaka nje penye mwanga, lakini hakusogea. Alikaa palepale kwenye maji baridi, kama sheria ilivyosema. Midomo yake ya kijivu ilikuwa inafunguka na kufumba, bila sauti. Kasuku, aliyesimama nyuma ya mwalimu, alikisoma kile kilichokuwa kikisemwa.

Bado. Bado. Bado.

Zahanati waliufunga mkono plasta. Sauti haikufungika, ilikuwa imekauka kabisa kwa kupiga kelele. Kwa hiyo wakati watu wazima walipoanza kuuliza, aliyekuwa na haki ya kujibu hakuweza.

"Niliita, akaitikia," mwalimu alimwambia fundi, macho yake yamejaa machozi. "Mara mbili. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Mimi pia nilisikia," alisema Mapengo, akitazama viatu vyake.

"Uliitikia mpaka darajani, halafu ukarudi kukaa handakini?" baba alimuuliza binamu. "Ulitaka tukutafute? Ulitaka tufe kwa hofu?"

Binamu alitikisa kichwa. Sauti yake ilipoanza kurudi, ikikwaruza kama breki mbovu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Sikuitikia." Alilirudia kwa mama mkubwa, kwa baba mkubwa, hata kwa ukuta alipodhani Kasuku amelala. Lakini mstari mzima ulikuwa umesikia. Nani amwamini mtoto mmoja dhidi ya mstari mzima?

"Anadanganya huku akitutazama machoni," baba alimwambia mama. "Uvivu wa kuendesha ningeuvumilia. Kesho kutwa atafia mlimani, na nitawaambia nini ndugu zako? Apelekwe kwa mjomba wake."

Mjomba alikuwa amekwisha kusema, siku ya mazishi, tena mbele ya mtoto mwenyewe, kwamba nyumbani kwake hakuna hata pa kuegemeza ufagio.

Baiskeli nyekundu ikarudi bandani. Baba aliipandisha kiti bila kuambiwa. "Basi ichukue wewe," alimwambia Kasuku. Hivyo tu. Kasuku aliipanda, akazunguka uwanja mara moja, akashuka. Ilikuwa nyepesi, ikiteleza vizuri. Aliirudisha bandani.

Jumamosi iliyofuata hakuamsha baiskeli. Alisimama bandani akimtazama baba akifunga begi dogo kwenye karia ya baiskeli kwa kamba. Mwalimu alikuwa amekuja kumuaga mwanafunzi wake. Binamu alikaa juu ya kreti, mkono wa plasta mapajani. Hakulia. Mapengo alipita njiani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Baba alikaza fundo la mwisho. "Haya, mwanangu. Mwambie mwenzako kwaheri."

"Umefika!" Kasuku alisema.

Ilitoka kwa sauti nyembamba, ya woga mwishoni. Mwalimu aligeuka upesi kumtazama binamu. Midomo ya binamu ilikuwa imefumba. Kisha mwalimu, taratibu, akamgeukia Kasuku.

Kamba ilimponyoka baba mkononi.

"Ni mimi," Kasuku alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe, na machozi yakafuata. "Handakini, na darajani. Ni mimi. Ilikuwa mzaha tu, baba."

Baba hakumpiga. Alikaa kwenye tairi kuukuu kama mtu aliyekatwa miguu. Baadaye aliinuka, akafungua lile fundo alilolikaza, akaliteremsha begi na kulirudisha ndani mwenyewe. Aliporudi alipiga magoti mbele ya kreti.

"Nisamehe, mama," alimwambia binamu. "Ulisema kweli, nami nikaisikiliza hesabu ya watu badala yako. Hapa ni kwenu. Hutoki tena." Binamu aliinamisha kichwa kukubali, lakini hakumtazama.

Mwalimu alimshika Kasuku bega.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Utani ni ule ambao anayetaniwa naye anacheka. Ulimchukulia mwenzako sauti yake ukaitumia kusema uongo, na siku ilipomrudia akasema kweli, hatukuitambua. Sisi watu wazima tulikosea. Waliocheka na kunyamaza walikosea, na nao nitawaita. Lakini wewe bado hujamaliza. Umetuambia ulichofanya. Mwambie yeye ulichotaka."

Kasuku alifuta pua kwa mgongo wa mkono. Alimsogelea binamu mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Hapakuwa na sauti ya kuiga. Ilibaki yake tu, na ilikuwa ngumu kuitoa.

"Nilitaka uachwe," alisema. "Nilitaka baba aone kwamba huwezi, akunyang'anye baiskeli. Na nilikusikia ukiita. Handakini. Nilikusikia, nikaondoka."