Usiitike Mluzi Huo

"Usiitike."

Bibi Kuruthumu alisema hivyo bila kuinua macho kwenye ungo wa mchele. Safina alikuwa ameshafika dirishani. Nje, ukungu wa Bulyaga ulikuwa umemeza migomba yote isipokuwa ule wa karibu na choo, na huo nao ulionekana nusu. Ndani ya ukungu huo mluzi ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Ulikuwa mrefu, laini, haukukatika popote.

"Bibi, huo mluzi ni wa Kheri."

"Kheri kafa baharini. Sasa nani anakuita kwenye migomba yangu?"

Bibi alikuwa na damu ya Kilwa, na sheria za Kilwa alihama nazo: ukiitwa na usiyemwona, funga mdomo. Ukiitika, umekubali kwenda.

Tukuyu nzima ilimjua Safina kwa kichekesho kimoja. Mtoto aliyekulia kwenye mvua na ndizi, akaenda kusomea nyangumi. Jirani yao Atuganile hakuacha kumwuliza samaki wake watapanda lini mlima, naye hakuacha kujibu kwamba nyangumi si samaki, ananyonyesha kama yeye Atuganile. Huko Mtwara, Safina, mchumba wake Kheri na mwenzao Hasheem walishusha maiki chini ya maji wakasikiliza. Walitaka kujua nyangumi na watoto wao wanapita wapi, na pomboo wanalisha wapi, ili wavuvi waombwe wasitege jarife, zile nyavu kubwa za papa, maeneo hayo. Walishawatoa pomboo wengi mno kwenye nyavu hizo, wamekufa kwa kukosa hewa.

Kila pomboo ana mluzi wake, kama jina. Akipotezana na mwenzake huupiga, na mwenzake huitika. Kheri akamtungia Safina wa kwake, panda, shuka, panda, na kwa pumu yake, kila akiupiga analalamika: "Jina lako refu, mama. Linanimaliza pumzi."

Halafu bahari ikachafuka, boti ikapinduka. Hasheem akafika pwani peke yake na kusema amemwona Kheri akizama. Mwili haukupatikana. Kheri alikuwa yatima, hakuna wa kumtafuta zaidi ya Safina, na Safina alitafuta mpaka akaishiwa nguvu. Simu za pole zilipomchosha, Hasheem akamnunulia laini mpya. Akamsindikiza mpaka Tukuyu. Miezi ikapita, akaleta posa. Ni mpole, anasali, ana kazi. Ukoo ukasema subira yako imetosha, mwanangu. Ndoa ikapangwa Ijumaa ya wiki inayofuata.

Sasa Safina aliingia chumbani akampigia Hasheem, aliyekuwa Mbeya kwa kaka yake.

"Nimesikia mluzi wa Kheri."

Alisikia redio upande wa pili, kisha mtu akaizima.

"Ameshafika Tukuyu?" Hasheem akauliza.

Safina akaishusha simu, akaitazama, akairudisha sikioni.

"Nani ameshafika?"

"Mzimu wake, namaanisha. Mpenzi, una mawazo mengi. Lala."

Baadaye ukaja ujumbe: *Nimeongea na shehe. Ndoa tuilete mbele, keshokutwa mchana. Usitoke nje. Usiitikie kitu chochote.*

Safina aliusoma mpaka kioo kikazima. Kisha akauvuta ule mfuko wa kazi ambao hakuufungua tangu msiba, akatoa kinasa sauti, akakitega dirishani.

Siku ya pili yake ukungu ulishuka mapema, hata alasiri haijaadhiniwa vizuri. Kuku walikuwa wameshapanda kulala. Mluzi ukaja, safari hii kutoka upande wa barabara. Ukasubiri. Ukaja tena. Safina alifungua mdomo, na kabla sauti haijatoka kiganja cha Bibi kilikuwa kimeuziba, kinanuka kitunguu saumu.

"Nimezika watu wa kutosha," Bibi akasema. "Wewe sikuziki."

Mluzi ulirudia mara moja tu, kwa unyonge, ukanyamaza.

Bibi alipomwachia, Safina alichukua kinasa akakiunganisha na kompyuta. Sauti ikajichora kwenye kioo kama alivyozoea kuziona za pomboo: mlima, bonde, mlima. Lakini ndani ya bonde mstari ulikuwa umekatika, na hapo palikuwa na vumbi dogo la sauti. Akalikuza, akalisikiliza. Ilikuwa pumzi. Mtu mwenye pumu amevuta hewa katikati ya jina la Safina.

"Bibi, mzimu unavuta pumzi?"

"Wa kupeleka wapi? Mzimu hauna mapafu."

"Basi njoo usikilize."

Bibi akasikiliza. Akaomba arudiwe. Akavua miwani akaipangusa na kanga, ingawa haikuwa na kitu.

"Halafu huyo anayepumua anaondoka," akasema, "na wewe umekaa."

Safina alitoka na ndala za jikoni. Barabara haikuonekana, aliijua kwa nyayo. Akapiga mluzi. Dirisha moja likafungwa, la pili likafungwa. Kutoka uani kwake Atuganile akamkemea: "Gwe Safina, mwanamke hapigi mluzi, utaita nyoka." Safina akapiga tena, kwa nguvu zaidi, akielekea chini zinakosimama gari. Mbwa wote walikuwa kimya, na hilo lilimwogopesha kuliko kama wangebweka.

Mbele yake, karibu sana, mluzi ukapanda. Ukashuka. Ukavuta pumzi. Ukapanda.

"Usisogee," sauti ikasema. "Nijibu kwanza. Umeolewa?"

"Na nani?"

"Na Hasheem. Simu yangu iliondoka na maji. Namba niliyoikumbuka ni ya kazini, ile iliyoandikwa ubavuni mwa boti. Nilipofika Masasi nikaipiga, akapokea yeye. Akasema ameshakuoa, nisije kukuvunjia nyumba."

"Ukaja."

"Nikaja. Nikasema nitakuita tu. Kama ni mke wa mtu hutaitika, nami nitaondoka. Nimeita, hukuitika."

"Nilizibwa mdomo, Kheri."

Akatokea kwenye ukungu taratibu, amekonda, mguu mmoja anauburuza. Wavuvi wa Msumbiji walimwokota, mguu umevunjika, wakamhifadhi kwenye kisiwa kisicho na mtandao mpaka alipoweza kutembea. Safina hakumkumbatia. Alimshika mkono tu, akausikia una joto, na hapo ndipo alipolia.

Mlangoni Bibi alisimama na tochi.

"Vua viatu."

Kheri akavua. Bibi akamulika miguu, mmoja baada ya mwingine, mpaka vidole.

"Kwato hana," akasema. "Ingia. Unanuka stendi."

Kesho yake Hasheem alifika na kanzu nyeupe na wazee wawili. Mlango ulifunguliwa na Kheri.

"Nilishika dumu nikakuita mpaka sauti ikakauka," Kheri akasema. "Ulinitazama, ukageuka ukaogelea."

"Niliogopa." Midomo ya Hasheem ilikuwa imepauka. "Nilisema umekufa kwa sababu nilijua umekufa."

"Na aliyekupigia kutoka Masasi?" Safina akauliza. "Huyo naye alikuwa amekufa?"

Hasheem akatazama viatu vya Kheri pale kizingitini. Wale wazee walikuwa wameshasogea mbali naye.

"Shehe yupo, pilau ipo, bwana harusi yupo," Bibi akasema. "Bado shahidi mmoja. Unabaki au unakwenda?"

Alikwenda. Ukungu ulimfunika kabla hajafika barabarani. Mchana ule ule baba mdogo Sadalla akamwozesha Safina kwa Kheri, na Atuganile, Mmoraviani wa kuzaliwa, ndiye aliyepiga vigelegele kuliko Waislamu wote.

Jioni walikaa jikoni watatu. Walishakubaliana kurudi Mtwara nyangumi wakianza kupita. Nyavu hazikumsubiri mtu.

"Jana nisingeitika," Safina akasema, "kweli ungeondoka?"

"Nilikuwa na tiketi ya asubuhi mfukoni."

"Na juzi je? Mbona juzi uliita mara moja ukaacha?"

Kheri akaacha kutafuna.

"Juzi nilikuwa Makambako. Gari lilituharibikia, tukalala stendi. Hapa nimefika jana."

Safina akageuka dirishani. Migomba ilikuwa haionekani tena. Mluzi wa juzi ulikuwa mrefu, laini, na haukuvuta pumzi.

Bibi Kuruthumu alitikisa ungo wake.

"Ndiyo maana nilikwambia usiitike," akasema, akaendelea kuchagua mchele.