Kompyuta Iliyosahau Mwaka

Tiit. Bado kulikuwa giza niliposikia kompyuta ikilia sebuleni. Nikajua mume wangu, Rupert, ameamka kujaribu tena.

Nilimkuta ameinamia kioo, pua karibu iguse. Mwaka huu macho yake yamefifia. Herufi hazioni tena. Miaka thelathini amekuwa msomaji wa masomo kanisani kwetu Bombambili, na Jumapili ilikuwa zamu yake. Binti yetu Theodosia alitutumia flashi yenye programu inayosoma maandishi kwa sauti. Humo aliweka pia somo la Jumapili. Rupert alitaka kulisikiliza mpaka likae kichwani.

Lakini programu ilikataa kuingia. Kila mara yalitokea maandishi mekundu. Rupert akiona ule wekundu tu, alibonyeza uondoke, akaanza upya.

Nilimwambia nitamsomea mimi. Kusoma nilijifunza ukubwani, katika darasa la watu wazima.

"Mama Theodosia, wewe unasoma kama unachambua mchele," alisema, akanishika mkono. "Pasaka itatukuta mstari wa kwanza."

Nilicheka, lakini moyo uliniuma. Alishasema kwamba ikishindikana atampa Makarius, msomaji mwenzake, zamu yake, na hataiomba tena.

Safari hii nilimzuia asibonyeze. Nilichukua daftari, nikanakili ule ujumbe herufi moja moja, ingawa Kiingereza sikijui. Kulipokucha nikampelekea Lightness, jirani yetu anayefanya kazi kwenye duka la vifaa vya ofisi kule Majengo. Aliusoma wote, wala hakucheka mwandiko wangu. Alisema ujumbe unadai cheti cha programu hakijaanza kutumika. Akauliza kama saa ya kompyuta yetu iko sawa. Mimi sikujua hata kama kompyuta ina saa.

Jioni alikuja moja kwa moja kutoka kazini, hajala. Alimwamkia Rupert shikamoo, kisha akanionyesha pembe ya chini ya kioo. Tarehe ilisema ni Januari, mwaka 2010.

"Bibi, huwa mnachomoa waya ukutani?"

Nilijisikia vibaya. Msimu wa mvua, kila jioni mimi huchomoa waya na kuifunika kompyuta kwa kanga. Radi iliwahi kutuunguzia redio.

"Basi ni mimi niliyeiharibu," nilisema.

"Hapana, Bibi. Endelea kuchomoa, radi ni hatari kweli. Ndani kuna betri ndogo inayotunza saa umeme usipokuwepo. Hiyo ndiyo imekufa. Ukichomoa waya, kompyuta inasahau mwaka. Ikipewa programu mpya, inaiona kama kitu cha miaka ijayo, inaikataa."

Rupert alisema kumbe humu ndani si yeye peke yake mzee.

Niliuliza kama tungezima tu ulinzi wa kompyuta, kama mtu mmoja alivyotushauri. Lightness alikataa kwa upole. Ulinzi ulikuwa unafanya kazi yake, alisema. Ukizimwa, hata programu mbaya zitaingia.

Kumbe alishapita kwa fundi saa akachukua betri, bapa kama sarafu. Kwanza alizima kompyuta na kuchomoa waya, ndipo akafungua kifuniko na kuibadilisha. Alipoiwasha, kipanya akanipa mimi, nirekebishe siku, mwezi na mwaka. Nilibonyeza taratibu, namba moja moja. Alisubiri. Tukaweka programu tena, na maandishi mekundu hayakutokea.

Sauti ikaanza kusoma somo, mbio kama bodaboda anayewahi abiria kule Mshangano. Rupert akainua mkono.

"Mjukuu wangu, haiwezi kwenda polepole? Isome kama Mama Theodosia. Kama anayechambua mchele."

Lightness akaipunguzia mwendo. Mimi nikajifanya naikunja kanga.

Siku zilizofuata niliendelea kuchomoa waya kila jioni. Asubuhi tarehe ilikuwa sahihi, na sauti ilisoma.

Jumapili Rupert alikifungua kitabu kama kawaida yake, ingawa hakukiona. Akalitamka somo lote, neno kwa neno. Makarius alikuwa wa kwanza kuja kumpa mkono.

Nje ya kanisa Rupert alimtafuta Lightness kwa kufuata sauti yake, akamshika mkono.

"Siku ile uliondoka bila kula," alimwambia. "Kompyuta imepona, haina neno. Wewe njoo tena Jumamosi, hata kama hakuna kilichoharibika."