Bati Kwenye Mdomo wa Kalavati

Ile barabara ya mlimani? Ehe, si iliwahi kufungwa! Watu wa mjini walisikitika kama wamefiwa, maana ile wengi hawakuipita kwa safari, waliipita kwa kuipenda tu. Wakifika kona ya juu, bonde lote limetandazwa chini yao, wanasimamisha gari, wanapiga picha, kisha wanakunywa chai kwenye banda la mama yake Chiriku.

Chiriku si jina lake. Ni utani wa baba yake, maana mdomo wa binti yule haukujua kupumzika. Alikuwa rika lenu tu. Kila akitoka shule, kazi yake ilikuwa kuzoa majani na takataka kwenye mdomo wa kalavati, lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji chini ya barabara, pale pale kando ya banda. Kazi ndogo, lakini haina mwisho. Leo umezoa, kesho majani yamerudi yanakucheka.

Basi siku moja Chiriku akapata akili, akili ya uvivu. Akaburuta bati bovu kutoka nyuma ya jiko, akalisimamisha kwenye mdomo wa kalavati, akalibana kwa mawe, akalipaka udongo lisionekane. Takataka haziingii, na yeye hazoi. Baba yake, dereva wa lori la mchanga, akapita akaona pasafi.

"Mwanangu, siku hizi unajituma kweli!"

Chiriku akacheka, akaingia bandani.

Ikaja dhoruba. Mvua ya kutisha, usiseme. Kulipokucha, mlima umeshukia barabarani: tope, mawe, miti na mizizi yake. Lami ya upande wa bondeni imemeguka. Banda likaponea chupuchupu.

Wakaja mafundi wa barabara na katapila lao. Wanazoa tope mchana kutwa, na asubuhi wanakuta maji yamepita juu tena, yameleta tope jingine na kumega lami zaidi. Mama yake Chiriku anawapikia, nao wanakula wamesimama, koleo mkono mmoja, sahani mkono mwingine. Kila mtu macho mekundu.

"Mama Lami, hii ni kufulia nguo matopeni," akasema dereva wa katapila. "Mgongo wangu si wangu tena."

Mama Lami ndiye aliyekuwa msimamizi wao, mwanamke mnene wa sauti nzito.

"Mimi je, nimelala hapa?" akamjibu. Kisha akamgeukia baba yake Chiriku, aliyekuwa akiwabebea tope kwa lori lake. "Kaka, mdomo wa kalavati uko chini ya kilima hiki cha tope. Kabla ya mvua ulikuwa wazi?"

"Wazi kabisa, dada. Binti yangu huusafisha kila siku. Namwamini."

Mama Lami akashusha pumzi. "Kama ulikuwa wazi na maji bado hayapenyi, basi bomba limevunjika katikati. Hatuna njia, tunakata lami iliyobaki ili maji yapite. Na ofisini wameshasema: tukiikata, hawaijengi tena. Barabara inafungwa moja kwa moja."

Mama yake Chiriku akaweka mwiko chini. Hakulia. Alikuwa amechoka hata kulia. Barabara ikifungwa, chai atamuuzia nani, ukungu?

"Na wewe Chiriku, umemeza nini leo?" akauliza. "Mbona kimya?"

Chiriku akatazama tope. Katapila likanguruma, kijiko kikapanda juu ya lami nzima.

"Ngojeni! Shangazi, wasikate!" Sauti ikamtoka kama ya mtu anayezama. "Bomba ni zima! Mdomo niliuziba mimi. Kwa bati. Nilichoka kuzoa."

Katapila likazimwa. Baba yake akamsogelea. Hakufoka. Akamkabidhi koleo, akachukua lake, wakaanza kuchimba bega kwa bega. Mafundi wakajiunga nao, wakiguna. Jua likaanza kushuka ndipo koleo la Chiriku lilipogonga kitu, *kwaa!* Bati. Walipoling'oa, maji yakabubujika ndani ya bomba, yakatokea upande wa pili mekundu kama matofali. Hakuna aliyeshangilia, nguvu ya kushangilia ingetoka wapi?

"Baba, nisamehe," Chiriku akasema.

"Nimeumia, mwanangu. Nilikusemea mbele za watu. Lakini umesema, na barabara bado ipo."

Mama Lami akajifuta tope usoni, akazidi kujipaka. "Sikiliza, binti. Mlima hukuuangusha wewe, mvua ile ingeuangusha tu. Ila haya maji ya kila siku yaliyotutoa roho, haya ni ya bati lako. Kazi ikikuchosha, sema imekuchosha, usaidiwe. Usiifunike ionekane imefanyika. Na ukikosea, sema mapema, kabla watu hawajavunja kilicho kizima. Kesho unazoa na sisi, sawa?"

"Sawa, shangazi."

"Tukienda hivi, upande mmoja utapitika kabla wiki haijaisha," akasema dereva wa katapila. "Mgongo wangu ukikubali."

"Haya, mgongo na mwenyewe, naweni mikono," mama yake Chiriku akaita. "Maharage yameshapoa mara mbili."

Wakatandika turubai. Chiriku akabaki pembeni, hajui akae wapi, mpaka baba yake akasogea, akapigapiga nafasi kando yake. Akaketi. Na kwa mara ya kwanza tangu dhoruba ile, hakuna aliyekula amesimama.